Friza ya Mwalimu

Mwalimu alikuwa akinunua kwangu maziwa chupa mbili kila asubuhi, na kwa muda mrefu nilifikiri ananidharau. Chupa ya kwanza ilikuwa ya chai. Hiyo aliiweka mezani bila maneno. Ya pili aliipeleka dirishani, akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa, akainusa, kisha akaniuliza ng'ombe alikula nini jana. Mimi ng'ombe simjui. Maziwa yalitoka kwa wakulima wa upande wa Soy, yakafika Eldoret kwa pikapu, nami nikayachukua stendi na kuyagawa katika nyumba za mtaa wetu. Nikaona huyu anatafuta maji. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, kama umesikia kwa watu kwamba naongeza maji, niambie tu, tusizungukane."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama Nekesa, maji ningeyajua kitambo. Hii ya pili siinywi. Hii ni ya kazi."

"Kazi gani ya maziwa isiyo chai?"

Akaniita jikoni nione. Aliyatoa mafuta yote ya juu, akayapasha moto kidogo, akatia siki tone kwa tone mpaka yakakatika. Yale mabonge akayachuja kwa kitambaa, akayaosha mara nyingi kuliko mtu anavyoosha mchele wa harusi, akayaanika. Siku ya tatu yakawa unga mweupe usio na harufu. "Hii ni protini ya maziwa," akasema. "Inashika fosfeti, kemikali ya fosforasi, vizuri sana. Ninaitumia kama chambo. Ninayemtafuta akiwa karibu, ataishika hii."

"Ni nani unayemtafuta?"

"Hata mimi sijamwona. Ningemwona ningeacha kununua maziwa."

Nimekaa miaka mingi nikitaka kuandika habari zake na kila mara naacha. Nina tabia ya kuandika mambo ya siku tangu nilipotoka shule darasa la saba, lakini siku nyingi niliandika mvua na nani amejifungua, basi. Mengi ya hapa ninayatoa kichwani, na kichwa changu si cha kuaminiwa sana. Pia yeye alikuwa mtu wa vitabu, daktari wa kusomea ng'ambo, aliyefundisha katika chuo kipya nje ya mji, na mimi ni mama wa maziwa. Tulimwita Mwalimu tu, ingawa nadhani kazini walimwita kwa cheo kikubwa zaidi. Nitasema nililoliona. Ambalo sikuliona nitasema sikuliona.

Alikuwa mrefu, na alivaa koti zito hata jua likiwaka, akisema baridi ya Uasin Gishu haitoki mwilini, inapumzika tu. Mkewe na watoto walikuwa kwao upande wa ziwa, mke akifundisha huko, kwa hiyo hapa aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili karibu na yangu. Mtu aliyeweza kupima tone moja la siki asikosee hakuweza kusonga ugali. Ukimwachia sufuria iliungua. Mama Akinyi ndiye aliyemwokoa. Mama huyo alikuwa mtu wa kwao, mjane, muuza samaki sokoni, mkubwa wa mwili na wa sauti, na ufunguo wa nyumba ya Mwalimu alikuwa nao yeye. Alikuwa akiingia, anafua, anapika, anamgombeza.

"Mwalimu anapika maziwa mpaka yanakufa," alikuwa akitwambia, "halafu analala njaa. Wazungu walimsomesha nini huyu?"

"Dada, ukinipikia wewe, mimi nijifunze kwa nini?" Mwalimu angejibu. Alimwita dada, ingawa kwa umri nafikiri mama huyo alimzidi sana.

Sasa nieleze kazi yake. Nikikosea kosa ni langu, yeye alieleza vizuri. Alisema mwili wa kila kitu kilicho hai, hata jani la hindi, umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli, na ndani ya seli wafanyakazi ni protini. "Tuseme baridi imeshuka, umande umeganda juu ya mahindi. Seli haina macho wala masikio. Itajuaje kwamba kuna taabu? Kuna protini moja pale ukingoni inayohisi mapema. Inachukua kipande kidogo cha fosfeti, inambandika jirani. Jirani akibandikwa anageuka umbo, anaamka. Naye anachukua fosfeti, anambandika wa tatu. Hivyo hivyo mpaka habari inafika katikati ya seli kwenye amri, na amri inatoka: acheni kukua, tengenezeni sukari, tujikinge."

Mama Akinyi alikuwa akipaa samaki pale mlangoni. Akasema bila kuinua kichwa, "Kumbe ni kama sisi na msiba."

Mwalimu akageuka, akamtazama. Ni kweli, hivyo ndivyo tulivyofanya katika mtaa ule. Habari ya kifo ikifika hakuna aliyepiga kelele. Ulibisha mlango wa jirani, ukataja jina, ukarudi kwako kuchukua leso. Yeye akabisha wa pili. Kabla chai haijapoa mtaa mzima umejua na kuni zimeanza kufika. Mwalimu alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Nasikia alilipeleka mpaka darasani, akawapanga wanafunzi mstari, akawaambia wagongane mabega. Tangu hapo swali lake kwa kila kitu lilikuwa moja: "Nani amemgonga nani?" Watoto wakipigana, nani amemgonga nani. Sukari ikipotea madukani, nani amemgonga nani. Na mahindi nayo, katika maelfu ya protini, ni ipi inayogonga ya kwanza baridi ikishuka? Hiyo ndiyo aliyoitafuta. Alisema mwenye kuijua ataweza kuchagua mbegu isiyouawa na baridi, na mkulima wa Timboroa hatapanda mara mbili.

Jambo jingine alilolisema nimelihifadhi. Alisema seli ina wabandikaji, lakini ina wabanduaji pia, ambao kazi yao ni kuondoa ile fosfeti hatari ikishapita. "Watu wanawasahau hao. Seli isiyoweza kubanduliwa inabaki na hofu. Haikui, haizai. Inakufa kwa hofu na jua limeshatoka."

Aliposema hivyo alitazama nje kwanza. Ndivyo tulivyoongea wote miaka ile ya chama kimoja. Hata ukisema habari ya mahindi ulitazama nje. Uvumi ulipokuja kwamba fulani wa chuoni amechukuliwa na watu wasiojulikana, Mwalimu aliuliza, "Nani amekwambia? Na yeye ameambiwa na nani?" Uvumi huo hakuupeleka mbele. Wengine walisema ni mwoga. Nisimsingizie wala nisimpambe. Niliona mara moja wanaume wawili wenye viatu vizuri wamekuja kuuliza kwa nini anapokea barua nyingi za ng'ambo, naye akawatolea barua zote kabla hawajaziomba. Lakini pia nilimwona katika ofisi ya chifu. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi, cha watu waliotoka upande wa ziwa, na mkutano wowote wa watu wengi ulihitaji kibali. Chifu alikataa, akisema watu wa huko wakikusanyika hawaongei msiba tu. Mwalimu akavua kofia. "Mzee, maiti yuko mochari. Niambie nimwambie nini, angoje kibali gani?" Alisimama pale mpaka kibali kikaandikwa. Kila aliyefia mtaani kwetu Mwalimu alimsindikiza hadi kaburini, hata likiwa Kakamega, hata Siaya. Sikumbuki msiba aliokosa.

Kwa hiyo alikuwa mwoga na hakuwa mwoga. Alikuwa mpole na alikuwa mkali pia: darasani aliwaita wanafunzi mawe, Jumamosi akawaita hao mawe nyumbani kwake na kuwafundisha upya kwa maharage juu ya meza. Alikuwa mzee wa kanisa na alilala wakati wa mahubiri, koti limefunika uso. Na mtu huyu mkarimu, ambaye angekuvulia koti hilo, alikuwa na kitu kimoja ambacho alikifanyia uchoyo wa ajabu. Kitu hicho kilikuwa friza.

Friza ile kubwa ya kufunguka juu ilikaa katika chumba chake cha kwanza, mahali ambapo watu wengine huweka kochi. Huko chuoni umeme ulikuwa ukikatika kila mara, lakini mtaa wetu ulikuwa kwenye laini moja na hospitali, hivyo kwetu ulikaa. Ndiyo sababu aliileta nyumbani. Hakuna mwingine aliyekuwa na friza mtaani. Krismasi watu walikwenda kumwomba awawekee nyama, akakataa. Mama Akinyi alimwomba nafasi ya samaki, kona tu, akakataa. "Dada, humo hamuingii kitu chenye damu wala magamba." Hakusema zaidi. Hakuwahi kutueleza sawasawa kilichomo. Sisemi hivi kumlaumu. Nasema ili kila mtu apate haki yake. Tuliona vikopo vya barafu na vichupa vidogo kama vya sindano, tukajua ni mambo ya chuo, tukasema mchoyo, tukazoea.

Kilichokuwemo nilikuja kukijua baadaye. Mle vichupani ndimo alimokuwemo huyo aliyemtafuta, au ndivyo alivyotumaini. Kwa misimu miwili Mwalimu alikuwa akiotesha mahindi, akiyapeleka kwenye baridi yakiwa machanga, akiyasaga juu ya barafu, akiyachuja maji yake mara chungu nzima, kila mara akitupa protini zisizohusika na kubakiza kidogo zaidi, mpaka akabaki yule aliyekuwa anabandika fosfeti na karibu hakuna mwingine. Ilibaki kumwona kwa macho. Kwa hilo alihitaji fosforasi maalumu yenye mionzi, ambayo ikibandikwa mahali inaacha alama nyeusi kwenye filamu kama ile ya eksirei. Ilitoka Ulaya kwa ndege, ndani ya mkebe wa madini ya risasi. Na kila baada ya wiki mbili nguvu yake ilipungua nusu, uitumie usiitumie.

"Kama maziwa," nilimwambia.

"Kama maziwa, Mama Nekesa. Ila hii ikilala haiwi mtindi."

Mkebe wa kwanza ulikwama kwenye kizuizi cha polisi Timboroa. Waliona kile kibandiko cha manjano chenye alama nyeusi, na wakati huo neno bomu halikuwa la mchezo. Wakauweka chini ya turubai kando ya msitu, wakadai barua ya wizara. Mwalimu akapanda huko mwenyewe na koti lake. Alitusimulia yaliyopita kati yake na koplo, akiigiza sauti zote mbili.

"Hii kitu inalipuka?"

"Hailipuki, afande. Inazimika. Hata sasa tukiongea inazimika."

"Basi vizuri. Ikishazimika kabisa uje uichukue, hakuna shida."

Tulicheka sote, naye alicheka, lakini Mama Akinyi aliponipita kwenda kutoa sufuria aliniambia kwa sauti ya chini, "Leo hajala." Mkebe ulifika ukiwa umeshazimika.

Wafadhili wake wa ng'ambo walimpa nafasi moja tena, na wakasema baada ya mwaka huo hakuna nyingine. Safari hii Mwalimu hakumwachia mtu. Alikwenda Nairobi, akasema atakaa uwanja wa ndege mpaka mkebe autie mkononi, hata kama ni kulala kwenye benchi.

Akiwa huko, mpwa wake akafika kwa basi kutoka kwao, akabisha kwa Mama Akinyi. Mama yake Mwalimu amefariki.

Hatukuwa na njia ya kumpata. Mama Akinyi akabisha kwangu, mimi nikabisha kwa jirani, na mtaa ukaamka kama ulivyoamka siku zote. Lakini huyu alikuwa ametuzikia watu wetu wote, kwa hiyo kila mtu alitaka kufanya zaidi. Viti vilitoka kanisani. Turubai likafungwa mbele ya nyumba. Mzee Abdi, Msomali mwenye malori, ambaye gari lake ndilo tulilokodi kila mara kupeleka maiti, akaleta ng'ombe mzima aliyechinjwa. "Mimi si wa chama chenu," akasema, "lakini wallahi, mama wa mtu huyu hatazikwa kinyonge."

Nyama ikawa nyingi, jua nalo likawa kali, na msafara haungeondoka mpaka mwenyewe arudi. Mtu akasema, "Si kuna friza?" Mimi nilikuwa nje kwenye moto. Yaliyosemwa ndani niliambiwa baadaye. Mmoja aliuliza kama vile vichupa si dawa. Mama Akinyi akasema dawa gani za mwaka mzima. Na mtu akifiwa nyumba yake husafishwa, au mnataka wakwe waje wakute takataka imegandiana na barafu? Kwetu ni hivyo. Nyumba ya mfiwa haiachwi na chombo kichafu, na aibu ya kuacha ni ya majirani, si yake. Alikuwa akifanya heshima. Nilipoingia kuchukua chumvi niliviona vichupa vyote vimeoshwa kwa maji ya moto na sabuni, vimepangwa juu ya kitambaa cheupe dirishani, midomo chini, vinang'aa. Nilifikiri vimependeza.

Mwalimu alifika kesho yake alasiri. Gari la chuo lilimshusha barabarani, naye akaja kwa miguu amekumbatia mkebe kifuani, anatabasamu peke yake. Aliona turubai. Aliona sisi wanawake tumefunga leso kiunoni. Alikuwa ameongoza misiba mingi kiasi kwamba hakuhitaji kuelezwa, ila hakujua jina, na lile tabasamu lilibaki usoni muda kidogo likiwa halina mwenyewe.

"Ni nani?" akauliza.

Mama Akinyi akaenda akamshika kiwiko, akamwita kwa lugha yao, nyathina, mwanangu. "Mwanangu, mama amepumzika."

Alikaa chini na mkebe mapajani. Waliomba, yeye ameushika. Waliimba, ameushika. Nilipomletea chai akaniambia polepole kwamba kitu hiki hakifai kuwa karibu na watu, anataka kukiweka pembeni na kuangalia vitu vyake, tutaondoka alfajiri. Nikamfuata ndani na kikombe. Akaufunua mfuniko wa friza.

Nyama ilijaa mpaka juu. Alisimama ameshika mfuniko, mvuke wa baridi unampanda usoni. Kisha akageuza kichwa taratibu, akakiona kitambaa cheupe. Akaenda akachukua kichupa kimoja, akakiinua kwenye mwanga vile alivyoinua maziwa yangu. Mama Akinyi akaingia akipangusa mikono.

"Nimekusafishia kila kitu," akasema. "Watu wako wakija hawatapata la kusema. Na nyama ya Mzee Abdi haikuoza hata kipande."

Mwalimu alimtazama. Akasema, "Asante sana, mama. Umefanya kazi kubwa." Hakusema dada. Akakirudisha kile kichupa kwenye mstari, mdomo chini, sawasawa na vingine, akatoka kukaa na watu. Alikwenda akamzika mama yake vizuri, akala ile nyama pamoja na wote.

Aliporudi aliagiza chupa moja tu. Nikauliza ya pili imekwenda wapi. Akaniambia pale pale mlangoni, kwa maneno machache, kama mtu anayesoma tangazo: protini ikiyeyuka na kukaa kwenye joto hufa, na hii haikuachwa hata imekufa, imeoshwa. Kuanza upya ni misimu miwili, na fosforasi haingoji, na wafadhili wamefunga. Nikaweka madebe chini. Akasema, "Mama Nekesa, nimekwambia kwa sababu umeuliza. Mama Akinyi asijue kamwe. Alikuwa anamheshimu mama yangu. Niahidi."

Nikamwahidi.

Tangu siku hiyo friza ikawa ya mtaa. Nyama ya Krismasi, samaki wa Mama Akinyi, hata maziwa yangu, yote yaliingia. Watu wakasema mmeona, kifo cha mama kimemfundisha ukarimu. Mimi nilisikia nikanyamaza. Huko chuoni wanafunzi wakaongezwa, akafundisha madarasa makubwa, maabara ikageuzwa kuwa ya mazoezi tu. Hakuniambia kama alijaribu tena. Miaka kadhaa baadaye akaacha chuo, akaenda kufundisha sayansi katika shule ya sekondari upande wa Soy, akaishi huko huko.

Mpaka alipohama, Mama Akinyi alimpikia kuliko zamani. Jumapili alimpelekea samaki mkubwa kuliko wote aliokuwa nao, akakaa kwenye kiti mbele yake, mikono mapajani, akimtazama anavyokula. Hakumgombeza tena. Mimi niliona amezeeka, amepoa. Ndivyo nilivyofikiri.

Kisha Mama Akinyi akaugua tumbo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani. Siku moja akaniambia, "Vile vichupa. Unajua vilikuwa nini?"

Nikavuta shuka nikamfunika miguu.

"Unajua. Mimi nilijua wiki ile ile. Mwalimu akiwa bado kwao baada ya kuzika, sisi tumesharudi, fundi wa maabara alikuja kuvichukua, akaviona dirishani, akashika kichwa akakaa chini. Akaniambia, mama, hii ndiyo ilikuwa kazi yote." Akapumzika kwanza. "Nikangoja arudi aniulize. Nikasema akiuliza tu, nitapiga magoti. Hakuuliza. Kila Jumapili nampelekea samaki nikisema leo ataniambia. Hata anitukane. Anakula, anasema asante, mama."

"Ungemwambia wewe."

"Ningeanzaje? Mtu amekunyamazia kwa heshima, wewe uanze kupiga kelele?" Akageukia ukuta. "Usimwambie. Akitaka kusema, atasema mwenyewe."

Basi nikawa na ahadi mbili. Nilifikiri kumtumia Mwalimu ujumbe Soy kwamba mama anaumwa, aje tu amwone, bila kusema zaidi. Nilituma. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na alipofika tulikuwa tumeshafunga turubai la msiba.

Ulikuwa mwaka ule watu walianza kunong'ona habari za vyama vingi. Mwalimu alikuwa amekonda ndani ya koti, kichwa cheupe. Chama cha mazishi kilimwomba asimamie msafara kama zamani, akakubali. Wakati lori la Mzee Abdi likipakiwa viti, alikuja nyuma ya nyumba nilikokuwa nikiosha masufuria, akakaa kwenye benchi. Tuliongea habari za Soy kidogo. Nikamuuliza kama bado anafuatilia ile kazi.

"Sisomi tena majarida yao ya sayansi," akasema. "Nikisoma, ama nitakuta wamempata, ama nitakuta hawajampata. Yote mawili siyawezi." Kisha akasema, "Nashukuru kitu kimoja. Amekwenda bila kujua."

Nikaendelea kusugua sufuria. Nilitamani amalizie hapo, ainuke. Lakini alikuwa ananitazama, na alikuwa amekaa na watu wengi wenye kuficha katika maisha yake, aliwajua.

"Mama Nekesa. Hakujua, si ndiyo?"

Kusema uongo kwenye matanga sijazoea. Na aliyenikataza alikuwa amelala ndani kwenye sanduku.

"Alijua, Mwalimu. Tangu wiki ile. Fundi wa maabara alimwambia."

"Zile Jumapili zote?"

"Zote. Alikuwa anangoja umuulize, akuombe msamaha."

Akatazama viganja vyake. Kule mbele walianza kuimba, na tulisikia mlango wa nyuma wa lori ukishushwa.

"Nilidhani namhurumia," akasema. "Miaka yote hiyo." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Ningemwambia siku ile ile, pale pale dirishani. Ningemwambia, mama, usijali, ni kitu kidogo tu."

Nilijua sipaswi kuuliza, nikauliza. "Kilikuwa kitu kidogo?"

Walikuwa wanamwita sasa, Mwalimu, Mwalimu yuko wapi, maiti inatoka. Aliinuka akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Hapana," akasema, akaenda kumbeba.